Mbele Arobaini na Tano

Lami inanisindikiza hadi Igombe, kisha inanitupa.
Haiagi. Inakatika tu, kama simu iliyoishiwa salio,
na baiskeli ya kaka Shija inaanza kulia
spoku kwa spoku, hadi Sangabuye, hadi Kayenze:
vituo vya maji kumi na vinne,
mita kumi na nne za kusoma.

Milimita ishirini na tano. Alizichagua mwenyewe,
yeye aliyekuwa mtu wa lami,
wa Buzuruga hadi Kisesa na kurudi
kabla chai haijapoa.
Chai ilipoa siku moja tu. Sitaisema hapa.

Juzi mchanga wa Kayenze ulilimeza gurudumu la mbele
zima zima, kama sangara anavyommeza furu,
nami nikapita juu ya usukani pamoja na daftari la mita.
Goti limejiandikia tarakimu zake.

Basi niko Igoma, kwa fundi Lugembe,
naye hanipi jibu. Ananipa maswali, bisibisi mdomoni:
Unabeba nini? Mwezi wa nne unapita wapi?
Una kilo ngapi, na usinidanganye
kama unavyomdanganya daktari.
Nasema: nataka pana. Pana kuliko zote.
Hamsini, kama ipo.
Anacheka, bisibisi inadondoka.
"Kabula, pana ni pana mpaka uma useme basi."

Anapitisha kidole chake kidogo kati ya tairi na uma,
kisha penseli, kisha penseli na kidole.
"Tope la Sangabuye litakaa wapi hapa?
Tope nalo ni mgeni. Ukilinyima mlango
litakaa juu ya meza."
Nyuma fremu imebana: thelathini na nane, haiongezeki.
Mbele uma una huruma: arobaini na tano.
Zitofautiane? nauliza. Kama viatu vya kuokota?
"Mbele ndiko kunakochagua njia.
Nyuma kunafuata tu, kama mimi kwa mke wangu."

Halafu upepo. Hapo ndipo nilipokosea miaka yote miwili,
nikijaza hadi tairi ziwe ngumu kama majabali ya Bwiru,
nikidhani ugumu ndio mwendo.
Tairi iliyojaa kupita kiasi hubishana na kila kokoto.
Anabonyeza kwa dole gumba,
ananishika mkono, nibonyeze na mimi.
Hapo. Hapana, rudi. Hapo.
"Wala usipunguze sana. Rimu nauza ghali."

Kwenye lami zitavuma kama nyuki, ananionya,
utachelewa dakika tano.
Dakika tano!
Shija angezifanyia matanga.

Zile za zamani nilitaka kuzitundika ukutani kwa mama.
Nageuka: fundi ameshaikata tyubu,
vipande virefu, vyeusi, anavivuta mbele ya macho yangu.
"Mpira mzuri huu. Wa kufungia mzigo."
Nilitaka kupiga kelele.
Nikauliza bei ya pampu.

Leo, Kayenze. Mchanga uleule,
ziwa upande wa kushoto, jeupe kwa jua,
dagaa wameanikwa hadi ukingoni mwa njia
na mwanamke mmoja ananifokea nisiwakanyage.
Gurudumu la mbele linazama kidogo,
linawaza,
linapanda.
Nami nimekaa juu yake kama mtu aliyekaribishwa kiti.

Nyuma yangu daftari halitikisiki.
Limefungwa kwa tyubu ya Shija, mizunguko mitatu,
kwa fundo alilonifundisha yeye, siku ya mvua, akinisema.

Mita ya kwanza ina buibui kwenye kioo.
Nampuliza. Nasoma. Naandika tarakimu,
na pembeni yake, saa:
nimechelewa dakika sita.